Mama Mkwe wa Joka

Miaka saba tulifanya kazi chini ya paa moja, mimi kwenye meza ya mapokezi katika kliniki ya meno, yeye kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja na sinki mbili, akitengeneza meno ya bandia. Wagonjwa hawakumjua jina. Walimwita Fundi, nasi tukamwita Fundi, na hata mumewe akipiga simu alikuwa ananiuliza, "Fundi yupo?" Daktari ndiye aliyeng'oa na kupokea shukrani. Fundi alibaki nyuma na jasi, nta na kisu chake kidogo, akipanga meno kumi na nne juu na kumi na nne chini, mpaka mtu aliyekuwa hana kitu mdomoni aweze tena kutafuna karanga na kugombana na jirani bila kumrushia mate.

Wasichokijua wagonjwa ni kwamba kwenye rafu ya juu, nyuma ya mifuko ya jasi, Fundi alikuwa na ufalme mzima.

Alikuwa anaandika riwaya ya majoka. Joka lenye mabawa, pango lililojaa vikombe vya dhahabu, milima inayohama usiku bila kumuaga mtu. Madaftari yalikuwa kumi na moja, na kila moja lilikuwa na mwanzo wa riwaya ileile. Mianzo kumi na moja kwa miaka saba, bila mwisho hata mmoja. Kulikuwa na ramani iliyochorwa upande wa nyuma wa kalenda ya kampuni ya dawa ya meno. Kulikuwa na mfalme mwenye jina refu kiasi kwamba Fundi mwenyewe hakuwahi kuliandika mara mbili kwa herufi zilezile. Na kila mwaka ulipoanza, alikuwa anabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: "Mwaka huu: vitabu vitatu." Ikifika mwezi wa tatu, karatasi ile ilikuwa imejaa michoro ya mataji, na maandishi huyaoni tena.

Aliyemvurugia utaratibu huo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Huyu alikuwa karani katika shule ya sekondari iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na saa ya chakula alikuwa anakuja kula kwetu, kwa sababu alisema kule walimu wanamwangalia anavyotafuna. Ulimi wake ulikuwa hauna breki. Siku moja alichukua daftari la kumi na moja, akalisoma huku anakula mkate, akalifunga.

"Wifi," alisema, "hawa watu wako wana lugha mbili, bendera nne na kalenda yao wenyewe. Mbona bado hawajatoka nyumbani?"

"Najenga ulimwengu," Fundi alimjibu bila kuinua kichwa.

"Ulimwengu umeshaisha kujengwa zamani. Sasa hivi unapaka rangi tu, na wapangaji wamechoka kungoja nje."

Fundi alinuna siku mbili. Ukimuona anapiga msasa fizi za plastiki ungedhani zimemkosea. Siku ya tatu, kabla wifi hajaketi, alimwambia, "Sawa. Sitaki tena vitabu vitatu. Nataka ukurasa mmoja kila saa ya chakula. Kurasa tano kwa wiki, basi."

"Na usipofikisha?"

"Nitasikitika."

"Kusikitika umeshasikitika miaka saba, wifi yangu, na haikusaidia kitu. Tafuta kingine."

Walibishana mpaka chai ikapoa, na ndipo wifi akaleta wazo lake. Wiki ambayo Fundi hatafikisha kurasa tano, yeye wifi atatia kitu kimoja ndani ya hadithi, kitu chochote anachotaka, na Fundi hana ruhusa ya kukitoa. Fundi alikubali kwa majivuno ya mtu aliyeamua kuanza maisha mapya. Mimi ndiye niliyeandika mkataba, kwenye karatasi rasmi ya kliniki, nikaugonga muhuri unaosema "IMEPOKELEWA," kwa sababu hatukuwa na mwingine. Wakaweka sahihi, nami nikasaini kama shahidi.

Wiki ya kwanza aliandika kurasa nne na nusu.

Alijaribu ujanja. Alisema ramani ihesabiwe ukurasa. Wifi akasema ramani ni picha. Basi tukaona kwamba kwenye ukurasa wa nne herufi zilikuwa zimenenepa ghafla, mstari mmoja maneno manne. Nilileta rula kutoka mezani kwangu, nikapima, nikatoa hukumu ya haki: kurasa nne na nusu, kwa huruma. Wifi akakaa vizuri kwenye kiti. Alianza kucheka kabla hajasema.

"Joka lako," alisema, "lina mama mkwe."

"Joka halina mama mkwe!"

"Halina mke?"

"Mke... lilikuwa naye. Kwenye sura ya pili, alikwenda safari."

"Huyo mke alizaliwa na nani?"

Mkataba ulikuwa ukutani, na muhuri wake.

Jioni ile aliondoka bila kuniaga. Lakini kesho yake nilipoingia chumba cha nyuma kuchukua kazi iliyokwisha, nilimkuta amesimama na taya la jasi mkononi, macho yako mbali. "Amehamia pangoni," aliniambia. "Binti yake yuko safarini, naye amekuja kuangalia nyumba. Hawezi kulala kwa sababu joka linakoroma. Kwa hiyo kila usiku analitoa nje."

"Halafu?"

"Halafu likitoka nje halina la kufanya. Linazurura angani na hasira zake. Ndiyo maana linachoma vijiji!" Alinitazama kama mtu aliyepata ufunguo aliousaka wiki nzima. "Miaka saba linachoma vijiji na sikuwa najua kwa nini."

Tangu siku hiyo hadithi ikapata miguu. Niliona kwa macho yangu, maana tulikula pamoja kila siku, na mtu anayeandika utamjua kwa jinsi anavyosahau kijiko mdomoni. Alikuwa ananieleza mambo huku anachanganya jasi. Aliniambia zamani alidhani hadithi inakua ukiiongezea milima na wafalme, kumbe inakua pale mtu mmoja anapomnyima mwenzake usingizi. Na kuhusu lengo alisema hivi: "Vile vitabu vitatu vilikuwa vinaniangalia kama mwalimu mkuu. Ukurasa mmoja naweza kuuangalia mimi, tena nikauambia subiri kidogo, namalizia jino hili."

Sasa lazima niseme jambo ambalo mtu yeyote aliyefika nyumbani kwa Fundi angelijua papo hapo. Fundi alikuwa anaishi na mkwe wake, mama wa mumewe na wa yule wifi. Mama huyu alikuwa muuguzi mstaafu, aliyesimamia wodi ya wanaume miaka thelathini na moja, na aliisimamia nyumba ya mwanawe kwa utaratibu uleule. Kila sufuria ikishaoshwa aliinyanyua kwenye mwanga aone kama imetakata. Kila maoni aliyoyatoa, na hayakuwa haba, aliyafunga kwa maneno yaleyale: "Mimi nasema tu."

Na mama mkwe wa joka, tulipofika ukurasa wa thelathini, alikuwa ananyanyua vikombe vya dhahabu kwenye mwanga. Akimaliza kulisema joka, anaongeza, "Mimi nasema tu."

Wifi aliposoma hapo alicheka mpaka akalala juu ya meza. "Utatuua, wifi! Huyu ni mama!"

"Ni mhusika wa kubuni."

"Amevaa viatu vya mama!"

"Majoka hayavai viatu."

"Huyu anavaa. Vyeupe, vya kufunga kamba. Soma mwenyewe ulichoandika."

Fundi alisoma, na nikaona rangi inamtoka. Nadhani hapo ndipo alipoingiwa na woga. Kwenye sura ya tisa, mama mkwe wa joka alitoka pangoni kwa hasira baada ya kugombana, akaingia kwenye ukungu, asirudi. Joka likangoja, likalia, sura ikaisha. Nilipomuuliza Fundi kwa nini amemuua mtu ambaye ndiye aliyeibeba hadithi yote, alisema, "Ni sababu za kisanaa," huku haniangalii usoni.

Basi sababu za kisanaa zikamtokea puani. Baada ya sura ya tisa hadithi iligoma. Joka lilizunguka angani kurasa na kurasa bila kukutana na mtu. Wiki tatu mfululizo Fundi hakufikisha tano, na wifi naye hakuwa na huruma: alitia punda mwenye mafua ya kudumu, kisha daraja linalochoka likawavusha watu nusu ya njia, kisha mnara unaoogopa kimo chake. Fundi aliviingiza vyote kwa uchungu, neno kwa neno.

Katikati ya dhiki hiyo, mkwe akaja kliniki. Meno yake manne ya mwisho yalikuwa yameng'olewa, fizi zimepona, na daktari alishachukua alama ya taya. Fundi alikuwa amempangia meno kwenye nta, na siku ile ilikuwa ya kuyajaribu kabla hayajatengenezwa kwa plastiki. Mama alifika mapema, kama kawaida yake. Daktari alikuwa ndani anapigana na gego la mtu mnene, na gego lilikuwa linashinda.

Kosa ni langu. Aliniomba kitu cha kusoma. Juu ya meza yangu kulikuwa na vipeperushi vya afya, na chini yake ile riwaya, ambayo wifi alinipigia chapa shuleni ili niisome. Simu ikalia ofisi ya daktari, nikaenda kuipokea. Niliporudi, vipeperushi viko palepale na mama amevaa miwani, midomo inacheza, yuko ukurasa wa tatu.

Ningefanya nini? Kumnyang'anya? Nilijitia hamnazo, nikapanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa.

Alisoma kwa saa mbili. Daktari alipotoka kumwita, mama aliinua kidole kimoja bila kutoa macho kwenye karatasi, kidole kile cha wodini, na daktari, mtu mzima na shahada zake ukutani, akarudi ndani akamwita mwingine. Hatimaye alikunja miwani, akasimama, akaelekea chumba cha nyuma. Nilimfuata na trei tupu, ili nionekane nina kazi.

Fundi alikuwa ameshika kisu cha nta. Aliliona lile bunda la karatasi mkononi mwa mkwe wake, akaniona mimi nyuma, akaelewa.

"Huyu mama wa pangoni," alisema mkwe. Bila meno maneno yalimtoka laini, lakini kila moja lilifika. "Nimemjua."

"Mama, ni hadithi tu."

"Ananyanyua vikombe kwenye mwanga. Anavaa viatu vyangu."

"Mama, nisamehe sana, sikukusudia..."

"Nani amekudai msamaha? Nakuuliza, kwa nini amekufa?"

Fundi alifuta nta kwenye kisu.

"Sura ya tisa!" Mama alipiga karatasi kwa kiganja. "Kitabu kina sura ngapi?"

"Nimepanga ishirini na mbili."

"Kwa hiyo sura kumi na tatu mmetuachia lile joka zembe peke yake? Na punda mwenye makamasi?"

"Punda si wangu, Mama. Punda ni wa wifi."

"Mrudishe."

"Punda?"

"Mimi!"

Hapo nilitegemea Fundi aseme ndiyo, Mama, kama alivyosema kwa miaka kumi na minne ya ndoa, kuanzia rangi ya mapazia hadi saa ya kulala. Aliweka kisu chini.

"Siwezi, Mama. Nikimfufua mtu, basi kitabu kizima hakuna atakayeogopa tena mtu akifa. Chochote kingine nitakufanyia. Hilo siwezi."

Mkwe alikusanya karatasi zake. "Vizuri," alisema. "Basi na meno yako kaa nayo." Akaondoka na riwaya kwapani, bila kuyajaribu.

Zilifuata wiki mbili ngumu. Mama alikunywa uji na supu na hakusema na mtu. Mume wa Fundi, fundi umeme mpole asiyependa kelele, alijaribu kusuluhisha kwa njia yake. "Si karatasi tu?" alimwambia mkewe. "Mwandike amefufuka, ale." Fundi aliniambia alijiuliza kama ni ukaidi tu unaomsumbua. Siku moja, saa ya chakula, alijaribu kweli kuandika ufufuo, na chemchemi ya maji ya ajabu na mwanga kutoka juu. Akanisomea. Tulikuwa wawili tu chumbani na bado tuliona aibu. Alizichana zile karatasi akazitupa kwenye ndoo ya jasi.

Alhamisi ya pili mkwe alitokea mapokezi kwangu bila miadi. Ile riwaya ilikuwa imechomekwa vipande vya karatasi pembeni, kama faili la mgonjwa mahututi. Alipita moja kwa moja hadi nyuma, akaifungua mbele ya Fundi.

"Soma hapa."

Fundi alisoma, "'Akaingia kwenye ukungu, na ukungu ukajifunga nyuma yake.'"

"Endelea."

"'Joka likangoja siku tatu, kisha likalia.'"

"Maiti iko wapi?"

"Mama?"

"Miaka thelathini na moja nimesimamia wodi. Hakuna mtu aliyeandikwa amekufa bila kushikwa mshipa. Huyu nani alimshika mshipa?"

Fundi aligeuza ukurasa mbele, akaurudisha nyuma. "Hakuna, Mama."

"Basi hajafa. Ametoka tu, na nyinyi mmeanza kulia."

Kicheko kilimwanza Fundi mabegani. Alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, akachukua penseli.

"Sasa Mama, siku zote hizo ndani ya ukungu alikuwa anafanya nini?"

Mkwe alivuta kigoda akaketi. Alipojibu sauti ilikuwa imeshuka. "Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni. Alikuwa anangoja aone kama kuna atakayemfuata."

Mashine ya kung'arishia ilikuwa bado inazunguka, Fundi akanyoosha mkono akaizima.

"Na joka halikumfuata," alisema polepole.

"Lilikaa ndani linalia. Kulia si kutafuta. Mimi nasema tu."

Sijui Fundi alimwambia nini baadaye walipobaki wawili, maana hapo hata mimi nilijua trei yangu tupu haitoshi, nikafunga mlango. Ninachojua ni kwamba siku ile mama alijaribu meno, akalalamika kwamba ya mbele yamekuwa marefu kama ya sungura, yakapunguzwa, na Fundi aliandika kurasa tatu kwa mkupuo mmoja. Katika kurasa hizo joka liliacha kulia, likatembea kwa miguu, kwa sababu ndani ya ukungu huwezi kuruka, likaanza kuita. Riwaya yote iliyobaki ilitoka hapo.

Iliisha wiki ya arobaini na tano tangu mkataba. Wiki alizoshindwa zilikuwa kumi na tatu, na vitu kumi na vitatu vya wifi vimo humo ndani. Mchapishaji wa kwanza aliirudisha na barua ya mistari miwili. Wa pili aliikubali kwa sharti moja: punda atolewe. Fundi alimjibu kwamba asingeweza, kuna mkataba, na tukamtumia nakala yenye muhuri wetu. Mhariri alikaa kimya mwezi mzima, halafu akaandika kwamba baada ya kushauriana na wenzake, punda anaweza kubaki.

Siku hizi wagonjwa wengine wanajua. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua meno ya baba yake alimuuliza Fundi siri ya kuweka malengo, akatoa na kalamu kabisa. Fundi alifikiri huku anafuta jasi kwenye kucha. "Chagua kitu kidogo," alimwambia, "halafu mtafute mtu mmoja atakayekucheka ukikikosa. Usiwaambie watu wengi. Wengi watakuonea huruma, na ukishaonewa huruma hufanyi kazi tena." Mwalimu aliandika yote. Kisha akauliza kama lazima huyo mtu awe wifi. Fundi akasema si lazima, ila inasaidia.

Nakala za kwanza zilifika ndani ya boksi, asubuhi ya Jumamosi, nami nilialikwa nyumbani kuzifungua. Mkwe alichukua ya juu akaanza kuwasomea majirani sura ya kumi, akiwa na meno yote. Wifi alizunguka anawaonyesha watu vitu vyake. Mume alichukua nakala moja bila kusema neno, akaenda nayo chumbani, na Fundi aliniambia aliisoma siku nane, kila akitoka kazini, kuanzia jalada mpaka anwani ya mpiga chapa. Siku ya tisa, usiku, akaja akasimama mlangoni mwa jiko.

"Nimemaliza," alisema. "Nzuri. Mama yumo. Dada yangu yumo, ndiye yule malkia anayecheka kabla hajasema. Hata daktari wako nimemwona, ameng'olewa jino na jitu." Akakuna shingo. "Mimi sijajiona."

Fundi alikuwa anakatakata vitunguu. "Wewe hunisumbui," alimwambia. "Mtu asiyenisumbua sijui nimwandikeje."

Aliondoka, na Fundi alidhani yameisha. Baada ya muda mfupi, nyumba nzima ikawa giza. Fundi alisubiri, akaita, hakuna aliyejibu. Alipapasa ukuta hadi sebuleni, akamkuta mumewe ameketi kwa utulivu kwenye kochi, tochi na bisibisi mkononi, fyuzi kuu juu ya paja.

"Anza kuandika," alimwambia.